Barua ya kupandishwa cheo haitoshi

Saa kumi na mbili asubuhi foleni za basi za Musaga huwa zimeshakuwa ndefu. Yumo karani wa benki, muuguzi, mwalimu na fundi umeme, na wamo pia wakubwa wadogo wa ofisi za katikati ya Bujumbura: wasimamizi wa idara na wakuu wa vitengo, wenye cheo kwenye kitambulisho cha kazi lakini wasio na gari. Mafuta yanapokosekana, na katika miaka hii yamekosekana mara nyingi kiasi kwamba si habari tena, mabasi hupungua. Tangu Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Anayekosa basi hushuka mjini kwa miguu.

Tofauti ya meneja na kiongozi huonekana hapo, kabla ya semina yoyote. Meneja hulifungua daftari la mahudhurio, humwandika aliyefika saa mbili na nusu kuwa amechelewa, na mwisho wa mwezi humkata mshahara. Amefuata kanuni, hakuna wa kumlaumu. Kiongozi hulitazama daftari lilelile akajiuliza kwa nini majina yanayojirudia ni ya watu wa Musaga na Kanyosha. Kisha hupanga zamu upya, huwaweka wanaokaa karibu kwenye saa za kufungua ofisi, na kwenda kwa mkurugenzi kuutetea mpango wake. Mvivu wa kweli bado atamwadhibu, na sasa atamjua ni nani. Lakini amejiweka hatarini, maana mkurugenzi anaweza kukataa na kumwona mlegevu. Asiyetaka hatari hiyo abaki na daftari lake. Ni kazi halali na inalipwa.

Kosa mara nyingi huanza siku ya kupandisha watu vyeo. Mhasibu hodari hufanywa mkuu wa wahasibu kwa sababu alikuwa hodari wa hesabu, na hakuna anayemwambia kwamba kazi yake imebadilika. Basi huendelea na kazi ya jana. Husahihisha kila tarakimu mwenyewe, hufungia muhuri kwenye droo yake, na akienda Bururi kwenye msiba siku tatu, malipo nayo husimama siku tatu. Wapo wanaojivunia hali hiyo. Husema ofisi haiwezi kwenda bila wao, wakidhani wanajisifu.

Burundi ina mfano wake mkubwa katika jambo hili, ingawa mfano wenyewe haukunyooka. Mwaka 1957 Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Ubelgiji, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Nia ilikuwa wenyeji wasimame wenyewe kiuchumi. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono. Kama biashara, ushirika ule ulikwenda vibaya: fedha ziliyumba, na haukupita muda utawala wa Kibelgiji ukauweka chini ya usimamizi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Kwa mizani ya umeneja peke yake, kijana yule alishindwa.

Watu hawakumwacha. Mwishoni mwa 1960 Wabelgiji walimweka kizuizini wakati wa uchaguzi wa tarafa, na chama chake cha UPRONA kikashindwa. Septemba 18, 1961, akiwa huru, chama hichohicho kilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Oktoba 13 mwaka huo aliuawa kwa risasi, akiwa waziri mkuu kwa wiki mbili hivi.

Ni rahisi kuchukua somo baya hapo, kwamba kiongozi wa kweli hana haja ya daftari. Mfanyabiashara aliyetia fedha zake kwenye ushirika asingekubali somo hilo. Watu wanaweza kumfuata mtu kwa moyo wote na bado fedha zao zikapotea. Mwenye mvuto wa namna ile anahitaji watu wa hesabu walio imara, wenye ruhusa ya kumwambia hapana, na kazi ya kuwatafuta, kuwalea na kuwaachia madaraka ni yake mwenyewe. Anayepanda kutoka umeneja haachi hesabu zikae bila mwenyewe. Anaacha mtu.

Swali hilo bado liko vilimani. Kuanzia 2019 serikali ilivipa fedha vyama vya ushirika vya Sangwe, faranga milioni 10 kwa chama cha kila kilima. Pale ambapo ufunguo wa ghala, kitabu cha fedha na namba ya simu ya mnunuzi viko kwa mtu mmoja, siku akihama au akigombana na wenzake chama kinaondoka naye.

Kwa vijana wa Musaga wanaohitimu sasa jambo hili lina sura ya kikanda. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kufikia 2012 CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zilikuwa zimefungua milango Bujumbura. Msimamizi kijana katika kampuni ya kikanda hupokea maagizo kwa Kiingereza, huandika barua kwa Kifaransa, hupatana na wateja kwa Kiswahili na hukemewa na mama yake kwa Kirundi. Ni mtaji mkubwa. Lakini akiutumia kutafsiri tu maagizo ya juu kwa walio chini, atabaki tarishi mwenye tai. Makao makuu yanahitaji pia mtu wa kuyaambia kwamba lengo la robo mwaka lililopangwa katika jiji lenye mafuta halifikiki kwa urahisi katika jiji la foleni, naye awe ameshika takwimu mkononi.

Baadhi ya nchi za Jumuiya zimesaini makubaliano ya kutambuliana sifa za wahasibu, wahandisi na wasanifu majengo. Uongozi hauna karatasi ya namna hiyo, hivyo waajiri watafute kipimo kingine. Kipo kimoja kisicho na gharama. Kabla ya kumpandisha msimamizi, apewe likizo ya wiki mbili bila simu, na wakubwa waangalie kama muhuri umetoka kwenye droo, kama malipo yanakwenda, na kama ndani ya idara yake wapo wawili wanaoweza kukikalia kiti chake. Asipopatikana hata mmoja, barua isubiri.