Ukihamia Nchi ya Watu, Chagua Jirani Kabla ya Mshahara

Kijana akipata viza siku hizi, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni hili: unakwenda nchi gani? La pili: huko wanalipa kiasi gani kwa saa? Swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hayo mawili, mara nyingi halina mwulizaji. Utakaa mji gani, na kwa nini mji huo?

Ndugu msomaji, hakuna mtu anayeishi "Marekani" au "Kanada". Mtu anaishi katika mtaa fulani, anapanda basi fulani, mtoto wake anasoma shule fulani, na akiugua usiku, upo mlango wa kubisha hodi au haupo. Nchi ile ile inaweza kuwa baraka katika mji mmoja na jangwa katika mji wa pili. Kwa hiyo nasema wazi: anayehamia ugenini, kama ana nafasi ya kuchagua, aanze kwa kuchagua watu na mazingira ya kuishi, ndipo atazame mshahara.

Nasema "kama ana nafasi" kwa sababu wapo wasio nayo. Dada anayekwenda Ghuba kwa mkataba wa kazi za ndani hulala anapopangiwa na mwajiri, na shida zake zinahitaji makala yake peke yake. Hapa naongea na wanaoweza kuchagua: mwanafunzi anayemaliza masomo, mwuguzi aliyepata kazi, aliyeshinda bahati nasibu ya viza, na familia ya wakimbizi iliyokwisha kupokelewa na sasa iko huru kuhama jimbo.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, Abramu anampa Lutu nafasi ya kwanza ya kuchagua upande wa kukaa. Lutu anainua macho, anaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, anachagua hilo. Aliangalia malisho, na kwa mifugo yake hesabu hiyo ilikuwa sawa. Lakini hatusomi kwamba aliuliza kuhusu watu ambao angeishi nao, na mwisho wa safari yake tunaujua: alitoka Sodoma mbio, bila nyumba na bila mke. Wengi wetu tunachagua mji kama Lutu. Tunaona maji, hatuulizi habari za majirani.

Niwape mfano wa watu waliochagua kwa njia nyingine. Mwaka 2001, familia za Wasomali waliokuwa wamepokelewa kama wakimbizi katika eneo la Atlanta, jimbo la Georgia, zilianza kuhamia Lewiston, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Maine, kaskazini kabisa mwa pwani ya mashariki ya Marekani. Kwa mtu anayetafuta hela peke yake, uamuzi huo ulikuwa wa ajabu. Atlanta ni jiji kubwa lenye ajira nyingi na joto. Lewiston ulikuwa na wakazi wapatao 36,000, viwanda vyake vya nguo vilikuwa vimekufa, na majira ya baridi theluji inafika magotini.

Familia hizo hazikukurupuka. Wazee wao walitumwa kwenda kutazama miji kwa macho na kuleta habari. Waliuliza mambo ya kawaida kabisa: watoto wetu watakuwa salama njiani? Shule zikoje? Nyumba zipo, na kodi yake ni kiasi gani? Kule Georgia walikuwa wanaishi katika mitaa yenye uhalifu na waliogopa shule zingewapoteza watoto wao. Kule Maine walianzia Portland, na huko nyumba zikawa hazitoshi. Lewiston, kwa sababu ya viwanda vilivyofungwa, ulikuwa na fleti tupu na za bei nafuu. Aliyefika akampigia simu ndugu yake, naye akampigia mwingine. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2002 walikuwa wamevuka elfu moja.

Sitaki kuipaka sukari habari hii. Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwaomba wazee wa Kisomali wawazuie ndugu zao wasije zaidi, kwa maelezo kwamba uwezo wa mji ulikuwa umefikia mwisho. Barua hiyo iliwaumiza, na iliwaita wachochezi wa ubaguzi kutoka mbali. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano wa kuwapinga wageni. Waliohudhuria walikuwa watu wachache tu, wa kuhesabika. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa mji, zaidi ya watu 4,000 walikusanyika kuwaunga mkono wageni. Hapo ndipo Wasomali walipojua kama walichagua vizuri au vibaya. Walikuwa wameshakaa na watu wa kutosha, watoto wakisoma pamoja na akina mama wakikutana dukani, hata ilipofika siku ya kutikiswa hawakuwa peke yao.

Sisi Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kuitazama Lewiston. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Wasomali, mji ule ule ulipokea wageni wengine: Wakanada wanaosema Kifaransa kutoka Quebec, walioshuka kwa treni kwenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo. Walikuwa maskini, walikuwa Wakatoliki, na hawakupendwa. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan ilipata nguvu Maine kwa kuwapinga watu hao hao, na sheria ya jimbo ya mwaka 1919 ilipiga marufuku kufundisha kwa Kifaransa katika shule za serikali. Wao wakakaa pamoja karibu na mto, wakaanzisha shule na vyama vya kusaidiana, na kwa senti za mishahara ya kiwandani wakajenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo leo ni basilika. Wasomali walipofika, fleti walizopanga ni zile zile zilizowahi kukaliwa na wafanyakazi wa viwanda. Na wengi waliowatazama kwa mashaka walikuwa wajukuu wa wageni. Mgeni husahau upesi kwamba alikuwa mgeni.

Miaka ikapita. Mwaka 2015 timu ya soka ya wavulana ya sekondari ya Lewiston ilitwaa ubingwa wa jimbo, ikiwa na vijana wengi waliozaliwa Somalia au katika kambi za Kenya, wakicheza pamoja na wazawa. Mwaka 2019 msichana wa miaka 23 aliyezaliwa Somalia, Safiya Khalid, alichaguliwa kuwa diwani wa mji ule ule ambao meya wake aliwahi kuwaambia watu wake wasije. Matunda ya namna hii hayaonekani katika hati ya mshahara ya mwezi wa kwanza.

Na ndugu zetu wa Kongo nao walipita njia hiyo. Juni 2019 waomba hifadhi wapatao 450, wengi kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa mabasi kutoka mpaka wa Texas, wakalazwa kwa muda katika ukumbi wa michezo wa mji. Kwa nini wapite miji yote ile hadi kona ya mwisho ya nchi? Walikuwa wamesikia kwamba huko wapo Wakongo wenzao na kwamba mji huwapokea waomba hifadhi. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, mwomba hifadhi hakuweza kupata kibali cha kazi mpaka zipite siku 180 tangu kupeleka maombi yake. Miezi sita bila kazi! Mtu wa hali hiyo, mshahara mkubwa wa jiji lolote haumsaidii chochote, kwa maana haruhusiwi kuugusa. Kinachomwokoa ni mwenye kumpa chumba, mwenye kumpeleka kwa mwanasheria wa uhamiaji, na mwenye kumtafsiria barua.

Hata kwetu Tanzania tumewaona watu wakichagua hivyo. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya Wabantu wa Somalia, ambao babu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19, walikimbilia Tanga. Walikuwa bado wanasema Kizigua. Walichagua mahali ambapo wakisalimia wataitikiwa. Wengi wao leo wako Chogo, wilayani Handeni, na walipata nafasi ya kuwa raia. Wenzao wengine waliokimbilia kambi za Kenya walipelekwa Marekani, na kati yao wapo walioishia Lewiston.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo wanaosema: ukifika ugenini wakimbie watu wa kwenu, maana hutajifunza lugha, utaishi kwa majungu, na utabaki palepale ulipoanzia. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Nyumba ya binamu inaweza kugeuka gereza, na mtu anaweza kumaliza miaka kumi Ulaya akiongea na watu ishirini tu. Lakini ninachokisema si kujifungia. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa kwenu wakupokee siku mbili za kwanza. Siku ya tatu shika jembe la mji huo: lugha yake, shule yake, mikutano yake ya wazazi. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie heri mji walioko, kwa kuwa heri ya mji ndiyo heri yao. Mwenye mtu wa kumshika mkono hujifunza kutembea upesi kuliko anayeanguka peke yake.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wengi tunadanganywa na namba moja. Tuchukue mfano. Jiji la kwanza linalipa dola 22 kwa saa. Kwa saa 160 za mwezi hiyo ni dola 3,520 kabla ya makato. Kodi ya nyumba ni dola 2,000, zinabaki 1,520. Mji wa pili unalipa dola 17, yaani 2,720 kwa mwezi, lakini kodi ni dola 900, zinabaki 1,820. Aliyejisifu kwa dola 22 amezidiwa dola 300 kila mwezi, na bado hatujahesabu nauli wala malezi ya mtoto mama anapokuwa kazini.

Kisha uliza usafiri. Katika miji mingi ya Marekani, bila gari huendi popote. Kama basi la mwisho ni saa moja jioni, zamu ya usiku utaifikiaje? Uliza leseni ya taaluma yako. Marekani leseni ya uuguzi hutolewa na jimbo, na Kanada hivyo hivyo, kwa hiyo mwuguzi anayechagua mji anachagua pia masharti atakayotimiza kabla ya kuvaa sare. Uliza kama kuna taasisi zinazotoa msaada wa kisheria bila malipo. Uliza mahali pa kusali na lugha ya ibada. Na uliza swali ambalo hatupendi kulitamka: nikifa huko, nani atanizika au kunirudisha nyumbani? Penye watu wa kutosha huwapo chama cha kufa na kuzikana. Pasipo na watu, maiti inaweza kukaa wiki kadhaa huku ndugu wakipitisha daftari la michango.

Sisi tuliobaki nyumbani nasi tuna sehemu yetu katika uchaguzi huu. Kijana akipiga simu na neno letu la kwanza likawa "umetuma ngapi?", tunamsukuma kuchagua mji kwa macho ya Lutu. Atakwenda panapolipa, atalala watu sita chumba kimoja, atakosa Misa mwaka mzima, na tutashangaa siku tukisikia ameanza kunywa peke yake au amepotea kabisa. Paroko anayemwandikia kijana barua ya utambulisho amuulize pia anwani anayokwenda, na kama hana, amsaidie kutafuta parokia ya huko kabla ya tiketi kukatwa. Jumuiya ndogondogo inayomuaga kwa keki na mchango imtafutie pia namba ya simu ya mtu mmoja wa kule. Mara nyingi namba hiyo itamfaa kuliko fedha.

Na wewe unayejiandaa kuondoka, kabla hujasaini mkataba wa nyumba, wapigie simu watu watatu. Mmoja awe anaishi mji huo miaka mingi. Wa pili awe aliishi hapo akahama, akueleze kwa nini aliondoka. Wa tatu awe mama anayelea watoto hapo, kwa sababu yeye anajua bei ya maziwa, tabia ya mwalimu, hatari ya njia ya usiku na jina la jirani. Wote watatu wakikuambia njoo, nenda, hata kama mji mwingine unalipa zaidi.