Usione Haya Kupimwa Uzito

Ndugu msomaji, wengi husema unene ni heshima, na mzani ni fedheha. Mimi nasema: mbele ya kupasuliwa koo, mzani ni rafiki yako.

Sikia sababu. Mtu mnene akilazwa chali na kupewa dawa ya usingizi, tumbo lake husukuma mapafu kwenda juu, nayo hupata nafasi ndogo. Mwili mkubwa nao hutumia hewa nyingi. Basi pumzi ikisimama, akiba yake huisha upesi kuliko ya mtu mwembamba. Tena katika kazi ya koo, daktari anayepasua na yule anayelinda pumzi hutumia njia moja nyembamba.

Wakijua mapema, watamwinua kichwa na kifua, watamvutisha oksijeni kwanza, na kutayarisha mpira wa pumzi unaofaa. Wasipojua, hatari huja ghafula.

Kwa hiyo usipunguze kilo kwa mdomo. Ukikoroma sana usiku, sema. Wewe mke, msemee mumeo. Yeye amelala, hajisikii. Wala tusimcheke aliye juu ya mzani. Kicheko chetu chaweza kumfanya afiche neno ambalo lingemwokoa.