Kikapu cha Saidia Fundi

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha muhogo. Mwezi huu tutoke shambani kidogo. Twende Dar es Salaam, Kariakoo. Mwisho wa safari tutarudi shambani, maana chakula cha mjini hutoka kijijini.

Kila mwaka korosho zikiisha kuuzwa, vijana wetu wa Mkuranga hupanda basi kwenda mjini kutafuta vibarua. Masika yakikaribia hurudi kupanda. Wengi hupata kazi ya saidia fundi. Hubeba mchanga, matofali na zege. Kariakoo nyumba nyingi za zamani za Kiswahili zimebomolewa, na mahali pake yamejengwa maghorofa. Kazi ipo, lakini ni kazi ya nguvu, na jua la Januari na Februari pale mjini ni kali.

Kijana mmoja wa kijijini kwetu alirudi kabla ya wenzake. Nilimkuta barazani kwao, amekonda.

"Shikamoo, Bwana Shamba," alisema.

"Marahaba. Mbona mapema?"

Alinieleza. Alikuwa akitoka Mbagala alfajiri na kikombe kimoja cha chai ya rangi. Hakula tena mpaka saa 7 mchana. Maji ya kunywa yalikuwa yale yale ya pipa la kuchanganyia zege. Kopo lilikuwa moja kwa watu wote. Siku ya nne alipanda ngazi na karai la zege kichwani. Macho yakaingia giza, akaanguka. Bahati njema alikuwa ngazi za chini. Alilala siku tatu bila malipo. Aliporudi kazini, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Ndugu msomaji, kijana huyu hakuwa mvivu. Alikosa maji na chakula kwa wakati wake. Kwa hiyo nilikwenda Kariakoo kuona kwa macho yangu.

MJI WA WAPAGAZI

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Walipiga kambi mahali hapo. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Mtanzania, Ndugu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Hata leo, ukisimama Kariakoo utaona watu wenye mizigo kila upande.

Mtu mmoja alinifundisha jambo. Alikuwa mzee muuza kahawa. Mkono mmoja alishika dele, na chini ya dele pana kijiko kidogo cha mkaa. Mkono wa pili alishika ndoo ndogo ya maji na vikombe. Kashata alizifunga katika karatasi. Aliligonganisha vikombe, watu wakamjua bila kuita. Jiko, kinywaji, vyombo na maji ya kuoshea, vyote vilitembea pamoja naye. Hakubeba kitu kisicho na kazi.

Nilijiuliza: je, saidia fundi hawezi kuwa na chombo chake cha namna hiyo?

TULIVYOKOSEA KWANZA

Niliporudi kijijini nilikaa na vijana wanne waliokuwa wakijiandaa kwenda mjini. Yule kijana alikuwa mmoja wao. Tulitengeneza sanduku la mbao. Ndani tuliweka dumu la maji lita 10, sufuria ya uji lita 4, chupa ya chai na vikombe. Lilipendeza. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja. Tulipolipima kwa mizani ya korosho, lilipita kilo 20. Walipofika mjini, kondakta wa daladala alidai walipe nauli ya mtu mmoja zaidi. Na maji yenyewe yalikwisha kabla ya saa 4 asubuhi.

Hapo tulipiga hesabu ambayo ilitupasa kuipiga mwanzo. Mtu afanyaye kazi nzito juani anahitaji kikombe kimoja cha maji, yaani robo lita, kila dakika 20. Kwa saa moja ni robo tatu ya lita. Kwa saa 8 ni lita 6. Watu wanne wanahitaji lita 24. Hakuna awezaye kubeba maji hayo ndani ya daladala kila siku.

Tukapata kanuni: beba kile kisichopatikana kazini. Kinachopatikana kazini kitengeneze huko huko.

KIKAPU CHENYEWE

Tuliacha sanduku. Tulitumia kikapu cha ukili chenye mikono miwili. Hatua zake ni hizi:

1. Chagua kikapu kipana kuliko sufuria kwa upana wa kiganja kila upande.

2. Shona mfuko wa nguo kuukuu, ujaze sufi, utandike chini na pembeni. Kama huna msufi, tumia vipande vya nguo au nyasi kavu. Sufi huzuia joto lisitoke.

3. Shona mto wa sufi wa kufunika juu.

4. Tafuta sufuria yenye mfuniko unaobana. Ijae vizuri. Sufuria iliyojaa hukaa na joto kuliko iliyojaa nusu.

5. Pembeni shona mifuko miwili. Mmoja wa vikombe vinne, kila mtu na chake. Mwingine wa sabuni na dawa ya kutibu maji.

Saa 11 alfajiri uji hutokota sana, kisha huingia kikapuni na kufunikwa mara moja. Usifungue njiani. Saa 4 asubuhi bado ni wa moto. Kikapu chote na uji wake kilifika kilo 8. Hubebwa kwa zamu.

Uji wenyewe ni wa unga wa mtama uliochanganywa na karanga zilizosagwa. Mtama hutia nguvu, karanga hujenga mwili. Pamoja na uji, vijana hubeba muhogo wa kuchemsha au ndizi. Chumvi ya kawaida katika chakula hurudisha ile inayotoka na jasho. Chakula kikipoa kikawa vuguvugu, kisikae zaidi ya saa 2. Vijidudu hupenda uvuguvugu.

MAJI

Vijana walinunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na bomba. Haipandi daladala. Hukaa kivulini kwa mlinzi, mbali na saruji. Asubuhi huijaza maji ya bomba, wakatia dawa kama pakiti inavyoeleza, wakangoja dakika 30 ndipo wakanywa. Mchana huijaza tena. Hakuna kuchota kwa kopo. Bomba hufunguliwa, kila mtu akakinga kikombe chake.

Kwa nini tunasisitiza? Mwaka 1973, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafundisha wazee wetu juu ya vyoo na maji safi. Lakini Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Ugonjwa huo hupita katika maji na chakula kichafu. Kopo moja la watu wote ni njia yake.

Tena, nawa mikono kwa sabuni na maji mengi kabla ya kula. Saruji mbichi huunguza ngozi, na ikiingia kinywani hudhuru.

DALILI ZA HATARI

Mkojo ukiwa wa rangi nzito, ongeza maji. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu, shuka upesi ukae kivulini. Usione haya. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, mlazeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mmpepee, na mmpeleke hospitali bila kungoja. Aliyezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa.

HAKI YAKO

Jambo hili lieleweke vizuri. Kikapu hakimwondolei mwajiri wajibu wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke maji safi na salama ya kunywa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Lakini kibarua mmoja akidai peke yake, kesho huambiwa nafasi imejaa. Vijana wetu walikwenda wanne pamoja na fundi wao, wakazungumza na msimamizi kwa heshima. Hawakupata yote. Walipata kivuli cha turubai na ruhusa ya kujaza ndoo mara mbili. Mapumziko ya saa 4 walipewa dakika 15, na mafundi wengine nao wakafaidika.

Yule kijana alimaliza msimu mzima. Alirudi Machi na fedha ya mbegu na bati nane. Mama yake aliniambia, "Bwana Shamba, safari hii amerudi yeye mwenyewe, siyo kivuli chake."

Wapo waliosema kubeba uji ni kazi ya akina mama, mwanamume hushika chepe. Vijana waliwajibu kwamba njaa haichagui mume wala mke. Kabla ya wiki mbili kwisha, waliowacheka walikuwa wakiuliza bei ya sufi.

Ndugu msomaji, sasa turudi shambani kama nilivyoahidi. Mtama, karanga, muhogo, sufi na ukili, vyote ni vyetu. Anayekwenda mjini asiviache nyumbani akaenda kununua njaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Watu 6 wakifanya kazi juani saa 8, wanahitaji lita ngapi za maji?

2. Kwa nini sanduku la kwanza halikufaa?

3. Kijijini kwenu kuna nini kinachoweza kuhifadhi joto badala ya sufi?

4. Vibarua wafanye nini ili wapate maji safi kazini?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchagua mbegu ya mtama. Andaeni maswali yenu.