Kabla ya kuhesabu wagonjwa wa Salamabila, tujue watu ni wangapi

Kila juma, wauguzi wakuu wa vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare wanatuma hesabu: surua wangapi, kolera wangapi, mpox wangapi, vifo vingapi. Mmoja anatuma kwa telefoni, mwingine anapanda kilima kutafuta rezo, mwingine anampa mtu wa moto karatasi aifikishe kwenye biro ya zoni ya afya. Kutoka pale inaenda Kindu, kisha Kinshasa, kisha Geneva. Sisi wa sindika ya wachimbaji hatuna ugomvi na ile njia. Swali letu ni hili: nani anafundishwa kuisoma ile hesabu, na anafundishwa kwa mifano ya wapi?

Tunauliza juu siku hizi mwuguzi wa Kongo hasimami tena kwenye A2 ao A1. Kuna wenye kusomea hata doctorat, na ni jambo la kufurahia. Katika masomo yale epidemiolojia haikwepeki. Ni elimu ya kuuliza ugonjwa umeshika nani, fasi gani, wakati gani, na kwa nini wale na si wengine. Lakini kozi nyingi zinaanza na kipindupindu cha London mwaka 1854, daktari John Snow na pampu ya maji ya Broad Street. Hadithi nzuri, hatuikatai. Ila kusini mwa Maniema tuko na zetu, na hakuna anayemdai mwanafunzi franga ili azisome.

Tuanze na Kasongo yenyewe. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, kule Ubeljiji, ilianza hapa kazi ambayo dunia ya afya inaiita Mradi wa Kasongo. Majina ya Pierre Mercenier na Harrie Van Balen yanatajwa nayo mpaka leo. Walitaka kuona kama kituo kidogo kilicho karibu na watu, chenye kushikwa na mwuguzi na si daktari, na chenye hospitali ya kupelekea wagonjwa wazito, kinaweza kubeba afya ya watu. Mwuguzi alipewa maandishi ya kumwongoza hatua kwa hatua mbele ya mgonjwa. Fikra ile, pamoja na mambo yaliyofanyika Bwamanda, Vanga na Kisantu, iliingia katika mpango wa Leta wa kuigawa Zaire katika zoni 306 za afya miaka ya 1980. Kwa hiyo mwuguzi wa Kasongo akiingia darasa la doctorat asijione mgeni. Kazi ya watu wa kwao iko kwenye msingi wa ile nyumba.

Kuna zaidi. Mwaka 1981 jarida The Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya Kasongo juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa miezi 7 mpaka 35. Waliuliza swali gumu: mtoto aliyeponyoka surua kwa sababu ya chanjo, anaishi kweli, ao kifo kinamngoja mbele kidogo kwa njia ya ugonjwa mwingine? Hesabu yao ilileta mashaka juu ya faida ile, na wataalamu wakabishana miaka mingi. Peter Aaby, aliyefanya kazi Guinea-Bissau, akaonyesha kinyume: kule, waliochanjwa waliishi hata kupita vile surua peke yake ingeweza kueleza. Fikirieni kozi yenye kuanza na mabishano haya. Wanafunzi wanasoma pande zote mbili, wanatafuta nani alilinganishwa na nani, na wanaona namna swali moja la Kasongo lilizunguka dunia. Wale watoto leo ni watu wa miaka hamsini hivi. Huenda wengine wanauza sokoni na hawajui kama wamo ndani ya jarida la London.

Mfano wa pili unatugusa zaidi sisi wa shimo. Kati ya 1998 na 2000, kule Durba, Haut-Uélé, ugonjwa wa Marburg ulishika watu 154 na kuua 128. Watu wa pale walikuwa wamekwisha kuupa ule ugonjwa wa kutokwa damu jina la kijiji chao, angalau tangu 1987. Wataalamu walipofika, waliona nusu na zaidi ya wagonjwa walikuwa wachimbaji vijana wa dhahabu. Kisha wakafanya hesabu ambayo kila mwanafunzi angepaswa kuijua kwa kichwa: kati ya wachimbaji wagonjwa, 27 kwa mia tu walisema waligusana na mgonjwa mwingine, kati ya wagonjwa wasio wachimbaji, 67 kwa mia. Namba mbili tu, na njo siri yote ilifunguka. Mchimbaji hakuambukizwa nyumbani, aliambukizwa shimoni. Wengi wao sana walitoka shimo moja la chini ya ardhi, Goroumbwa, lenye popo. Shimo lilipojaa maji, ugonjwa ukakatika.

Na mfano wa jana. Septemba 2023, mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini. Ilikuwa na sura mpya ya virusi, na ilipita sana katika mahusiano ya ngono, ndani ya mabaa yenye kuzunguka machimbo. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ikatangaza hatari kwa dunia nzima. Kamituga na Salamabila ni njia moja kwa mchimbaji. Shimo likikauka huku anabeba chepe yake anaenda kule, na ugonjwa hauombi ruhusa.

Sasa tufike penye uchungu wetu. Epidemiolojia ni kugawa: juu unaweka wagonjwa, chini unaweka watu wote. Namba ya juu mwuguzi anaiona kwa macho. Ya chini anapewa. Na anaipewa kutoka wapi? Hesabu ya mwisho ya raia wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu pale wanaongeza kidogo kila mwaka kwa kalamu. Kwa kijiji cha kulima inaweza kukaribia ukweli. Kwa machimbo ya Kabambare, ambako dhahabu ikisikika vijana wanafika kwa mamia ndani ya mwezi, ile namba ni ndoto.

Tuseme kituo kimeandikiwa watu 8.000, na watoto wa chini ya mwaka mmoja ni 4 kwa mia, maana yake 320. Shimo jipya linafunguka, watu wanafika 20.000, watoto 800. Mwuguzi anajikaza, anachanja 400. Ripoti inasema amefikia 125 kwa mia! Wakubwa wanapiga makofi. Kumbe nusu ya watoto hawana chanjo, na surua inajua mlango wao. (Mwanafunzi mkali atatuambia machimbo yana vijana wengi kuliko watoto, kwa hiyo hata ile 4 kwa mia si sawasawa. Yuko na haki. Huyo apewe alama nzuri.)

Hii hesabu ya namba ya chini njo tunataka iwe moyo wa kozi. Na vyombo viko, vya bure, vya watu wote. CDC ya Marekani ina kitabu cha msingi cha epidemiolojia ambacho mtu yeyote anaweza kuchukua bila kulipa. R na QGIS, za takwimu na ramani, ni za bure. Kwa njia ya Hinari, shule za nchi maskini sawa yetu zinasoma majarida ya kulipiwa. Uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 na ule wa EDS wa 2023-2024 uko wazi kwa mtafiti mwenye kujiandikisha, ila unatoa sura ya Maniema nzima, na ndani yake Kasongo na Kabambare hazionekani. GRID3 imechora maeneo ya afya na kukadiria watu kwa kutazama nyumba kutoka juu. Na IPIS, shirika lingine la Antwerp, iko na ramani ya machimbo ya mashariki mwa Kongo, pamoja na hesabu ya wachimbaji waliokutwa kila fasi.

Weka ramani ya IPIS juu ya ile ya GRID3, kisha juu yake weka namba ambazo zoni inazitumia kwa chanjo. Pale ambapo haziungani, njo kuna kazi ya doctorat. Onyo dogo kwa atakayejaribu: zoni ya afya inaandikwa Saramabila, kwa r, na watu wa pale wanasema Salamabila, kwa l. Asiyejua atatafuta jina moja na kupoteza nusu ya karatasi.

Wengine watatuambia doctorat ni anasa, kituo hakina hata parasetamoli. Tunajibu: dawa inagawanywa kufuatana na namba, na mahali penye namba ya uongo panapata dawa za uongo. Wengine watasema hakuna intaneti Kabambare. Ni kweli, lakini vitabu na programu tulivyotaja vinaingia katika flashi moja yenye kutoshea mfuko wa shati. Vichukuliwe Kindu siku umeme unawaka, kisha vipande moto.

Pingamizi lenye uzito ni letu wenyewe. Kuhesabiwa kunatuogopesha. Mchimbaji anayefanya kazi juu ya ardhi ambayo kampuni linasema ni lake, akiona kijana na karatasi na telefoni yenye GPS, hafikiri chanjo. Anafikiri polisi, ao mtoza kodi. Hatutamlaumu. Kwa hiyo kozi iwe na somo zima, si maneno mawili ya mwisho wa siku, juu ya nani ataiona hesabu na atafanya nayo nini. Majina ya wagonjwa yabaki kwenye rejista ya kituo. Ramani yenye kutoka nje ionyeshe eneo la afya, isionyeshe shimo. Mwenye kukataa kuhesabiwa aachwe kwa amani. Hapo sindika iko tayari kutembea na wanafunzi, kuwatambulisha kwa wakubwa wa mashimo na kwa wamama wenye kuponda mawe na kuuza chakula, ambao mara nyingi hakuna rejista inayowakumbuka.

Tunaomba pia kliniki za makampuni zifungue hesabu zao, bila majina. Mapafu yenye vumbi, kifua kikuu, mikono yenye kutetemeka kwa zebaki: vile vyote haviko katika karatasi ya kila juma, juu ile karatasi inatafuta ugonjwa wenye kulipuka, na sisi tunakufa polepole.

Kwa shule za wauguzi na kwa wakubwa wa afya wa jimbo, pendekezo letu ni dogo. Juma mbili za kwanza mwanafunzi asome Kasongo ya 1981, Durba na Kamituga. Juma mbili akae katika zoni, moja Kasongo, moja Saramabila, afungue rejista za miaka mitatu pamoja na mwuguzi mkuu na reko, ahesabu tena namba ya chini kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba, hema kwa hema. Juma mbili za mwisho aandike. Mwuguzi mkuu aliyemfungulia rejista jina lake liwe juu ya ile kazi, si chini katika shukrani. Na mtihani usifanyikie Kinshasa mbele ya maprofesa peke yao. Ufanyikie kwanza kwenye kituo, mbele ya kodesa, kwa Swahili, na namba ziandikwe kwa chaki kwenye ubao, ili mama aliyeleta mtoto kuchanjwa aweze kuinua mkono na kusema: hapa mmesahau kambi yetu.