Mkono Uliovimba Si Mkono Mgonjwa

Wengi wenu mnakijua kile kipimo cha kifua kikuu: mtu hudungwa dawa kidogo ndani ya ngozi ya mkono, kisha hurudi zahanati baada ya siku mbili au tatu ili mwuguzi apime uvimbe kwa rula. Kala-azar nayo ina kipimo cha namna hiyo. Kilianzishwa na daktari Montenegro wa Brazil mwaka 1926, nacho hutumia vimelea vya ugonjwa vilivyokwisha kuuawa. Uvimbe mgumu ukifika milimita 5 au zaidi, husemwa kipimo kimeitika.

Kimeitika maana yake nini? Hapo ndipo watu hukosea. Mama akiona mkono wa mwanawe umevimba atadhani mtoto amepatikana na ugonjwa. Sivyo. Uvimbe huo unaonyesha kwamba vimelea viliwahi kuingia mwilini na mwili ukajifunza kupambana navyo. Mtu kama huyo ni nadra kuugua kala-azar baadaye. Lakini mgonjwa hasa, mwenye homa ya majuma mengi, aliyekonda huku wengu, yaani bandama, umevimba na kujaza tumbo, mkono wake hubaki laini kana kwamba hakudungwa kitu. Kinga yake imezidiwa. Akitibiwa akapona, baada ya miezi kadhaa mkono ule ule huweza kuitika.

Basi kipimo hiki hakimsaidii daktari kumtambua mgonjwa. Kwa kazi hiyo kuna kipimo cha tone la damu ya kidole, na majibu yake hutoka kwa dakika chache. (Hata hicho kikikataa, mwenye dalili asirudishwe nyumbani hivi hivi, kwa maana katika Afrika Mashariki hukosea zaidi kuliko kule India.) Kazi ya kipimo cha ngozi ni kufichua maambukizo yaliyojificha.

Nchini Kenya ugonjwa huu unajulikana Turkana, Baringo, Pokot Magharibi, Marsabit, Wajir na Kitui. Baada ya mlipuko wa Kitui wa miaka ya 1950, watafiti Southgate na Oriedo walikitumia kipimo cha ngozi katika uchunguzi wao. Anayeeneza vimelea ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, akaaye kwenye vichuguu vya mchwa na kutoka jioni kuuma watu. Katika vijiji vingi vilivyopimwa, hapa na kwingineko, walioambukizwa bila kuugua wameonekana kuwa wengi kuliko waliougua. Walichunga mbuzi pamoja na mgonjwa, wakaketi jioni karibu na kichuguu kile kile, wala hawakujua kwamba wameambukizwa.

Ndiyo maana naudhika nikisikia familia ya mgonjwa ikisemwa kuwa imelaaniwa, au mtoto akichanjwa wembe juu ya wengu ili ugonjwa utoke. Kama majirani nao waliumwa na usubi huyo huyo, mtoto yule hakuchaguliwa na laana. Tofauti mara nyingi ni njaa, umri mdogo, au ugonjwa mwingine uliotangulia. Virusi vya Ukimwi huweza kuamsha vimelea vilivyolala miaka mingi. Kwa hiyo maziwa na unga vinavyogawiwa wakati wa ukame ni kinga dhidi ya kala-azar pia, na hili tulikumbuke tunapopanga misaada ya parokia.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa kuitokomeza kala-azar Afrika Mashariki. Ni jambo jema, lakini kwa maoni yangu kuhesabu wagonjwa peke yao hakutoshi. Miaka michache ikipita bila wagonjwa, watoto hukua bila kinga, na ukame au watu kuhama ukawakutanisha na usubi. Kipimo cha ngozi kingetuambia ni kijiji gani kina watoto wengi ambao mikono yao haijaitika. Kwa bahati mbaya dawa yake iliacha kutengenezwa mahali pengi, na ni miaka ya karibuni tu wanasayansi wameanza kuishughulikia tena. Najua wauguzi watasema dawa ya kutibu itangulie, maana matibabu yaliyopendekezwa mwaka 2010 ni sindano za kila siku kwa siku 17, na familia hutoka mbali. Ni kweli. Hata hivyo, wizara zetu za afya ziidai dawa ya kipimo hiki mapema, mlipuko usije ukatukuta tungali tunauliza ni wapi.

Wakati huo, mtoto mwenye homa iliyopita wiki mbili, ambaye dawa ya malaria haikumsaidia na tumbo lake linavimba upande wa kushoto, apelekwe hospitali akapimwe damu. Kala-azar isiyotibiwa huua karibu kila inayemshika. Jumuiya yenye mtoto wa namna hiyo ianze kuchanga nauli Jumapili hii.