Mtoto ameelewa asidi na besi, au amekariri tu?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu asidi ni nini. Anaweza kukujibu papo hapo, tena kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo daftarini. Sasa muulize kwa nini mkulima anaweka chokaa shambani. Akinyamaza, ujue kuna tatizo.

Asidi, au tindikali, na besi ni mada kubwa katika kemia ya sekondari, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika kila Novemba. Je, maswali tunayowauliza watoto yanapima uelewa au kumbukumbu?

Maswali mawili

Swali la kwanza: "Taja sifa tatu za asidi." Mwanafunzi ataandika kwamba ni chachu, inageuza litmasi ya bluu kuwa nyekundu, na inapoungana na besi hutoa chumvi na maji. Anapata alama zote.

Swali la pili: "Udongo wa shamba la Juma una pH 5, wa Asha una pH 6. Upi una asidi zaidi?" Aliyekariri atasema wa Asha, kwa kuwa 6 ni kubwa. Amekosa. Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14, na 7 ni katikati. Namba ikishuka, asidi inaongezeka, na kila hatua ni mara 10. Udongo wa Juma una asidi mara 10 zaidi.

Kuna pia anayeamini kila asidi inaunguza na kila besi ni salama. Ndimu ina asidi na tunaila. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni ni besi, na inaunguza ngozi vibaya.

Lugha nayo

Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto akikosa, mwalimu atajuaje kama kilichomshinda ni kemia au lugha ya swali? Taarifa za Baraza la Mitihani, NECTA, za uchambuzi wa majibu zimekuwa zikitaja udhaifu wa Kiingereza kati ya sababu za kukosa. Mwalimu anaweza kumwacha mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha aandike kwa Kiingereza. Hapo ataona pengo liko wapi.

Maabara tulizochangia

Miaka ya 2014 na 2015 wananchi wengi walichangia maabara tatu kwa kila shule ya kata: fizikia, kemia na baiolojia. Lakini jengo peke yake halifundishi. Mwanafunzi anahitaji kushika bureti mwenyewe, adondoshe asidi kwenye besi kidogo kidogo, aone tone moja likibadilisha rangi.

Mzazi, kwenye kikao cha shule uliza: muhula huu watoto wameingia maabara mara ngapi? Wamefanya wenyewe au wamemtazama mwalimu?

Na nyumbani, mwambie achemshe choya, agawe maji yake kwenye vikombe viwili. Kimoja atie ndimu, kingine maji ya majivu yaliyochujwa. Asionje. Chenye ndimu kitabaki chekundu, cha majivu kitabadilika rangi. Kisha mwombe akueleze kwa nini, na kwa nini chokaa husaidia udongo uliojaa asidi baada ya miaka mingi ya urea. Akikueleza ukaelewa, naye ameelewa.