Tamko Kuhusu Afya ya Akili ya Walimu na Vijana wa Mowlem

Sisi wazazi, walimu na vijana wa Mowlem, Embakasi Magharibi, tuliokutana kupitia chama chetu cha ustawi, tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi, kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na kwa majirani zetu wote. Mwalimu aliyeelemewa na asiye na wa kumweleza hawezi kumwinua mtoto aliyeelemewa. Wawili hawa wahudumiwe pamoja.

Sekondari Msingi ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, maelfu ya walimu waliingia darasani kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa pesa hizo walipaswa kulipa kodi ya nyumba na nauli, kula, na kuwatumia wazazi wao nyumbani. Mgomo wao wa mwaka wa 2024 haukumshangaza yeyote aliyekaa nao jirani. Wengi wa walimu hao wa kwanza walipata ajira ya kudumu mwaka wa 2025, nasi tulifurahi pamoja nao, lakini deni la mikopo ya simu na usiku wa kukosa usingizi haviondoki siku barua ya ajira inapofika. Na wanagenzi wengine wameajiriwa baada yao.

Mwalimu huyo ndiye tunayemtaka atambue kwamba mwanafunzi wa dawati la nyuma amenyamaza kupita kiasi. Shule nyingi humpa mwalimu mmoja kazi ya ushauri nasaha juu ya vipindi vyake vyote, bila chumba cha kuketi na mtoto faraghani. Kibaya zaidi, mara nyingine ndiye pia anayesimamia nidhamu. Mtoto gani atamfungulia moyo mtu ambaye kesho atamwandikia barua ya kumrudisha nyumbani? Tunaiomba TSC itenganishe kazi hizi mbili, impunguzie mwalimu wa ushauri vipindi, na impe mwalimu mwenyewe mahali pa kupata msaada bila siri yake kufika ofisini na kuharibu nafasi yake ya kupandishwa cheo. Tunalisisitiza hili la siri kwa sababu bila hilo hakuna mwalimu atakayejitokeza.

Sheria ipo. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yanazitaka kaunti zitoe huduma hizi katika vituo vyao vya afya na katika jamii, na kuzitengea pesa kwenye bajeti. Hata hivyo, mtaani kwetu afya ya akili bado ina maana ya Mathari, hospitali iliyoanzishwa 1910, na kumwambia mtu apelekwe huko ni tusi. Kijana anayeogopa tusi hilo hubaki chumbani na mawazo yake. Tunaitaka Kaunti iweke mshauri na siku maalumu za kliniki katika vituo vya afya vya karibu, mahali ambapo mtu hupanga foleni ile ile na mwenye malaria bila kuulizwa amefuata nini.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi familia zilificha maumivu haya zikihofia kwamba aliyenusurika angetoka hospitalini na kuingia seli. Tunawaomba machifu, polisi na viongozi wa dini wauchukulie uamuzi huo kwa uzito: anayefikia hapo apelekwe kwa daktari.

Kwetu sisi wazazi, tuache kuwaambia vijana wa kiume wajikaze. Gredi mbaya isiwe sababu ya kumlinganisha mtoto na wa jirani mbele ya watu. Tukienda shuleni, tumuulize mwalimu hali yake kabla ya kumuuliza alama.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umelemewa, usingoje Kaunti. Piga 116, laini ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Zote ni bure. Ukishindwa kupiga, mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo.